Usaili wa Saa Nne

Saa nne asubuhi, Łódź, theluji imegeuka tope.
Napanda ngazi za chuma za kiwanda alichofumia mama.
Matofali mekundu ni yale yale. Mitambo haipo;
wameweka vioo, mimea ya plastiki, mashine ya kahawa,
na ukutani, kama kichwa cha paa aliyewindwa,
kipande cha kitanda cha mfumi kimepakwa rangi ya fedha.

Kijana anaitwa Kacper. Anashika wasifu wangu,
kurasa mbili; ya pili haijai.
Anasoma kwa sauti ya mtu anayehakiki risiti:
Ilona Pietrzak, miaka arobaini na sita,
shahada hakuna, stashahada ya ukutubi,
vyeti viwili vya usimamizi wa hifadhidata,
kimoja kimekwisha muda wake Novemba.
"Kimekwisha," anasema.
"Najua," nasema.
Simwambii kuwa ada ya kukihuisha
imo kinywani mwa binti yangu, waya za meno, juu na chini.

Tangazo lao nimelikariri:
uzoefu wa miaka mitano, seva za wingu, usalama,
Kiingereza fasaha, utulivu wakati wa dharura.
Utulivu hawakuuombea cheti.

"Umewahi kupoteza data?"

Mpwa wangu alinifunza jibu lake:
tabasamu, kana, hamisha mazungumzo.
Ulimi ukashika njia yake.

Ndiyo. Ijumaa, hospitali ndogo nje ya mji.
Niliamuru mashine ifute, nikasahau kuiambia ikomee wapi.
Mistari elfu mbili mia tatu na minane:
makundi ya damu, mzio wa penisilini,
nani apigiwe simu mambo yakiharibika.

Husemwa akiba haiozi.
Nilikuwa na nakala rudufu ya kila usiku,
miezi kumi na minne, taa ya kijani ikiniambia salama, salama.
Nikaifungua. Jina la faili, tarehe, na ndani sifuri.
Nikafungua ya jana yake. Ya juzi yake.
Nakala mia nne na ushei za sifuri,
zimepangwa vizuri, hata moja haijakosa siku.

Tukashuka ghalani, mimi na Bożena wa masjala,
kwenye karatasi zinazonuka panya na iodini,
usiku kumi na moja. Yeye anasoma, mimi naandika.
O hasi. AB chanya. A, A, A.
Daktari mmoja tulimtoa kitandani usiku wa manane
aje asome mwandiko wake.
Akaja na ndara, akaugeuza huku na huku,
akashindwa.
Mgonjwa yule tukampima upya.

Kacper ameacha kuandika.
Kisha anauliza swali ambalo halimo katika fomu yake:
"Kazi hii unaipa miaka mingapi?
Mashine siku hizi zinajitibu zenyewe."
Nashtuka kuwa haulizi kwa ajili yangu.
Ana pete mpya kidoleni. Pengine ana mkopo wa nyumba.

Mama alifuma humu miaka ishirini na sita,
sikio lake la kushoto lilibaki humu humu.
Kila mwaka waliambiwa mtambo mpya utawaondoa.
Ulikuja. Uliwaondoa. Sikufichi.
Ila hadi siku ya mwisho, uzi ulipokatika,
aliitwa mtu aliyejua umekatikia wapi.
Sijui kama hilo ni jibu.

"Tutakupigia," anasema, kama wasemavyo wote,
lakini ananisindikiza hadi kwenye ngazi,
na pale, kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za ugonjwa:
"Unaijaribu kila baada ya muda gani?"

Kila Jumatatu.
Jumatatu hii pia, kazi iwepo isiwepo,
nitachukua nakala ya mashine yangu ya nyumbani,
picha za binti, bili za umeme, supu ya mama ya shayiri,
niirudishe yote mahali patupu,
nihesabu mistari.